CHOMBO CHA MARA MOJA
Somo juu ya plastiki na chakula kitupwacho katika wilaya za Tarime na Serengeti

DIBAJI

Chombo, kwa maana yake ya asili, ni kitu cha kutumiwa na kuhifadhiwa. Mtu hununua sufuria akamrithisha mwanawe. Hununua sinia likaliwa na watoto hata wajukuu. Husuka kikapu kikaenda sokoni miaka na miaka, na mkono wake ukikatika hushonwa tena. Lakini katika zama hizi kimezuka chombo cha namna nyingine, kisichooshwa wala kisichorithiwa, ambacho kazi yake yote ni kubeba chakula kwa muda wa robo saa, kisha kutupwa. Ajabu yake ni kuwa chombo hicho kilichotumiwa robo saa hudumu duniani kuliko umri wa yule aliyekitumia.

Somo hili laeleza asili ya chombo hicho, madhara yake kwa watu wa Tarime na Serengeti, sheria iliyowekwa kukizuia, na dawa iliyo karibu na mikono ya wenyeji. Khasa mahali wanapolishwa watu wengi pamoja, kama vile vyuoni, mashuleni, mikahawani na katika karamu. Msomaji asilichukue kuwa ni jambo la wageni wa mbugani peke yao. Ni jambo la jikoni, la zizini na la mtoni.

1. ASILI YA PLASTIKI

Plastiki hufanywa kwa mafuta yachimbwayo ardhini na kwa gesi yake. Namna iitwayo polithini, ambayo ndiyo hufanyiwa mifuko laini, iligunduliwa mwaka 1933 huko Northwich katika Uingereza, na waliogundua hawakuwa wakiitafuta. Walikuwa katika majaribio mengine. Mfuko wenye mikono miwili, ule ambao watu wa Tanzania waliuita rambo, ulibuniwa na mhandisi wa Sweden jina lake Sten Gustaf Thulin, na hati ya kumiliki uvumbuzi huo ikatolewa mwaka 1965. Mwanawe alieleza baadaye kuwa nia ya babake ilikuwa kupunguza kukatwa miti kwa ajili ya mifuko ya karatasi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiukunja mfuko wake na kuutia mfukoni ili autumie tena.

Hapo pana mafunzo. Ubaya haukuanza katika kitu chenyewe, bali katika ada ya kukitupa. Kitu kilichofanywa kiwe imara kilitiwa katika kazi ya kitu dhaifu. Wataalamu walikadiria mwaka 2017 kuwa tangu kuanza kwa viwanda hata mwaka 2015 dunia ilikuwa imefanya plastiki kadiri ya tani bilioni 8.3, na katika ile iliyokwisha kuwa taka, iliyofanywa upya ni asilimia 9 tu, iliyochomwa ni asilimia 12, na asilimia 79 imebaki majaani au imetapakaa juu ya ardhi na majini. Basi anayesema, "Itafanywa upya," na azingatie hesabu hiyo.

2. VYOMBO VILIVYOKUWAPO KWANZA

Watu wa Mara hawakuwa maskini wa vyombo. Wakurya walihifadhi maziwa katika vibuyu, na kibuyu hakikutupwa ila kimepasuka. Katika milima ya Tarime iko migomba mingi, na jani la mgomba lilifunika chungu, likafunga ndizi mbivu, likaandaliwa chakula juu yake; na lilipokwisha kazi likaliwa na mbuzi, au likaoza shambani likawa mbolea. Sokoni watu walikwenda na vikapu. Nyama ilitungwa kwa ukambaa, na samaki kadhalika.

Na Waislamu waliofika katika miji ya bara walikuja na ada ya sinia. Wali hupakuliwa katika sinia moja, watu wanne au watano wakakaa kulizunguka, wakala kwa mkono baada ya kunawa. Karamu ya watu mia hutaka masinia ishirini au ishirini na tano, na ikiisha huoshwa yote yakarudishwa kwa wenyewe. Hapana kitu kilichotupwa ila mifupa.

Kadhalika mwanafunzi wa bweni. Mpaka leo katika orodha ya vitu ambavyo mzazi hutakiwa kumnunulia mtoto aendapo shule ya bweni, huandikwa sahani, kikombe na kijiko. Mtoto huandika jina lake chini ya sahani, na sahani hiyo humaliza naye masomo. Kwa hiyo dawa itakayotajwa mbele katika somo hili si jambo geni. Ni jambo lililokuwapo, likaachwa. Wahenga wamesema: Usitupe mbachao kwa msala upitao.

3. NAMNA ADA ILIVYOBADILIKA

Mfuko laini uliingia kwa sababu tatu, na kila moja ina nguvu yake. Ya kwanza ni wepesi: mchuuzi haoshi wala hangoji chombo kurudi. Ya pili ni bei: mfuko ulikuwa karibu wa bure, wala mnunuzi hakuiona bei yake kwa kuwa ilifichwa ndani ya bei ya bidhaa. Ya tatu ni haraka ya maisha mapya: vijana wa chuo, vijana wa bodaboda, wachimbaji wa dhahabu wa Nyamongo, na wasafiri wapitao Sirari mpakani mwa Kenya, wote hula wakiwa njiani.

Hapo ndipo chipsi zikatiwa katika mfuko zikiwa za moto, na kachumbari juu yake. Uji ukatiwa katika kikombe cha kutupa. Juisi ikawa na mrija. Maji yakawa katika chupa ndogo yenye kizibo. Na ubwabwa jikoni ukafunikwa kwa mfuko chini ya kifuniko ili uive upesi. Jambo hilo la mwisho lapasa kuachwa mara moja, kwa kuwa plastiki ikikutana na chakula cha moto, na khasa chenye mafuta, hutoa katika chakula sehemu ya dawa zilizotiwa kiwandani ili kuilainisha au kuitia rangi. Mwenye kuona jani la mgomba ni ushamba na mfuko ni ustaarabu amegeuza mambo.

4. MADHARA YAKE

Kwanza, ng'ombe.

Katika Tarime na Serengeti ng'ombe ndiye akiba ya mwenye mji. Ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye dawa siku ya maradhi. Mfuko uliochukua chakula hubaki na harufu ya chumvi na mafuta. Ng'ombe aliyefungwa karibu na jaa, au arudiye jioni kwa njia ipitayo nyuma ya vibanda, huufuata kwa harufu hiyo akaumeza. Tumbo lake kubwa la kwanza haliwezi kuusaga wala kuupitisha. Mfuko wa pili hujiviringa juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya huo, mpaka hufanyika donge kama mpira. Ng'ombe huacha kula, kwa kuwa tumbo limejaa, hukonda ilhali tumbo limevimba, maziwa hukatika, mwisho hufa. Mwenyewe hudhani ni maradhi, akanunua dawa za minyoo, na dawa haifai kitu. Katika machinjio ya Nairobi, kabla ya mifuko kukatazwa Kenya, waganga wa mifugo walieleza kuwa walipata kutoa mifuko kiasi cha 20 katika tumbo la ng'ombe mmoja.

Na azingatie msomaji: mfuko mmoja uliomwepusha mtu taabu ya kuosha bakuli waweza kumwondolea jirani yake ng'ombe wake wa pekee. Na jirani huyo hatamjua aliyemdhulumu, wala aliyedhulumu hatajua kuwa amedhulumu. Hiyo ndiyo dhulma nyepesi kutendwa na nzito kulipwa.

Pili, maji.

Mto Mara huanza katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita Masai Mara, huingia Serengeti, hupita baina ya nchi za wilaya hizi mbili, kisha huenea katika kinamasi kikubwa kabla ya kuingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Urefu wake ni kadiri ya kilomita 395. Mvua inyeshapo, kila kilichotupwa mferejini Tarime au Mugumu hutafuta kijito, na kijito hutafuta mto. Plastiki haiozi; hukatika vipande, na vipande hukatika vipande vingine, hata vikawa vidogo visivyoonekana kwa macho. Wataalamu walipochunguza sangara 20 na sato 20 walionunuliwa katika soko la Mwanza, na khabari yao ikatolewa mwaka 2016, walithibitisha vipande hivyo katika matumbo ya samaki mmoja katika kila watano, sangara na sato sawasawa. Basi kilichotupwa kwa mkono wa kulia hurudi mezani kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa Machi mwaka 2022 maji ya sehemu ya chini ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya Serikali ilitaja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza kuwa sababu, haikutaja plastiki. Lakini siku zile zilidhihirisha jambo moja: watu wengi hawana maji mengine ila mto huo. Mto ulio tegemeo la watu namna hiyo haufai kuongezewa mzigo, hata ukiwa mdogo.

Tatu, moshi.

Wengi hudhani kuwa wameondoa taka wanapoichoma nyuma ya nyumba. Moshi wa plastiki una sumu, na baadhi ya sumu hizo hushuka juu ya majani yaliwayo na mifugo na katika maziwa yao. Mbaya zaidi ni desturi ya kuwashia mkaa kwa kipande cha mfuko au cha ndoo iliyovunjika. Mama anayewasha moto ndiye auvutaye kwanza, na mtoto aliye mgongoni ni wa pili.

5. SHERIA ILIYOWEKWA

Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Rwanda mwaka 2008. Kenya ilikataza tarehe 28 Agosti 2017, ikaweka adhabu kali: faini ya shilingi za Kenya milioni 2 mpaka milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja mpaka minne. Tanzania Bara iliikataza tarehe 1 Juni 2019 kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayeonekana na mfuko huo aweza kutozwa si chini ya shilingi 30,000 wala si zaidi ya shilingi 200,000, au kufungwa si zaidi ya siku saba, au yote mawili. Na adhabu ya mwenye kiwanda ni kubwa mno kuliko hiyo. Hata wageni wajao kutazama wanyama wa Serengeti walitangaziwa kuacha mifuko yao wanapoingia nchini.

Kabla ya hapo, tarehe 1 Machi 2017, Serikali ilikuwa imekataza pombe kali ya viroba, yaani vile vifuko vidogo vya plastiki vilivyouzwa kwa bei ndogo hata kwa watoto. Kwa katazo hilo moja madhara mawili yalipunguzwa: ulevi wa bei nafuu, na vifuko vilivyokuwa vimetapakaa vituoni na mferejini.

Lakini tangu Agosti 2017 mpaka Juni 2019, yaani miezi ishirini na moja, mfuko uliokuwa haramu Isebania ulikuwa halali Sirari, na baina ya miji hiyo miwili pana mstari wa mpaka tu. Sheria zikikhitilafiana mlangoni, magendo hupata kazi. Hayo yalionyesha kuwa taka na mto havijui mpaka, wala dawa yake haiwezi kuwa ya nchi moja. Mwezi wa Machi mwaka 2022 mataifa yalikubaliana mjini Nairobi kutunga mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki. Lakini mikutano ya Busan mwaka 2024 na Geneva Agosti 2025 ilikwisha pasipo kuafikiana. Basi asiyetaka kufanya lolote mpaka mkataba ule ukamilike atangoja sana.

Tena sheria ya mwaka 2019 ilikataza mifuko ya kubebea. Haikukataza chupa ya maji, wala mrija, wala kibakuli cha povu jeupe. Na vifungashio laini vilivyoachwa kwa ajili ya bidhaa za viwandani na za kilimo vikageuzwa na baadhi ya wachuuzi kuwa mifuko, hata Serikali ikalazimika kuwakataza tena. Sheria hufunga mlango mmoja; hulka mbaya hutafuta dirisha. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya hulka.

6. CHAKULA KITUPWACHO

Taka ya mahali pa kulia ina nusu mbili, chombo na chakula, wala moja haitengenei bila ya nyingine. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, yaani karibu sehemu moja katika tano ya chakula kilichowafikia walaji. Asilimia 60 ilitupwa majumbani, asilimia 28 katika mikahawa, vyuo na mahali pengine pa kulishia watu, na asilimia 12 madukani.

Makombo yenyewe si uchafu. Maganda ya ndizi na viazi ni chakula cha mbuzi. Ukoko na ugali uliobaki ni chakula cha kuku. Mengine hutiwa katika shimo pamoja na majani na samadi yakawa mboji kwa miezi michache. Yanayoyaharibu ni kuchanganywa na plastiki. Makombo yaliyo katika mfuko hayaozi vema, huvundika na kuleta nzi. Na mnyama ayatakaye hula na mfuko. Kwa hiyo aliyetenganisha vitu hivyo viwili amekwisha kufanya nusu ya kazi.

Na israfu ni jambo ambalo mtoto wa Kiislamu hufundishwa kulichukia tangu chuoni, hata katika maji ya kutawadhia. Ni ajabu basi kuona futari ya watu wengi, iliyoandaliwa kwa ajili ya thawabu, ikiacha nyuma yake rundo la sahani za kutupa na chupa zilizonywewa nusu, na upepo ukizipeleka katika shamba la jirani. Kuondoa kinachowaudhi watu njiani huhesabiwa katika mema. Basi kukiweka njiani huhesabiwa katika nini?

7. HESABU YA CHUO KIMOJA

Uko Tarime chuo cha ualimu. Na katika mkoa huo huo, Butiama, kiko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Hesabu ifuatayo si ya chuo chochote kati ya hivyo. Ni mfano wa kufundishia, na kila mkuu wa chuo aweza kuweka hesabu zake mahali pake.

Tuseme chuo kina wanafunzi 800, na kila mmoja hununua mlo mmoja kwa siku katika kibakuli cha kutupa pamoja na chupa moja ya maji. Vitu viwili kwa watu 800 ni vitu 1,600 kwa siku. Kwa siku tano za juma ni 8,000. Kwa majuma 30 ya mwaka wa masomo ni 240,000. Ikiwa kimoja kina uzito wa gramu 10, jumla yake ni kilo 2,400. Na chuo hicho ni kimoja tu, tena mlo ni mmoja kwa siku.

Sasa gharama. Tuseme kibakuli cha kutupa ni shilingi 200, na sahani imara ni shilingi 4,000. Siku 150 za masomo kwa shilingi 200 ni shilingi 30,000. Sahani ni shilingi 4,000, na ikiwa sabuni na maji ya kuiosha ni shilingi 30 kila mara, siku 150 ni shilingi 4,500, jumla 8,500. Tofauti ni shilingi 21,500 kwa mwanafunzi mmoja. Na mwaka wa pili sahani ile ile ipo bado.

Kisha chakula. Ikiwa kila mmoja huacha gramu 50 tu, yaani tonge moja au mbili, wanafunzi 800 huacha kilo 40 kwa siku. Mlo wa ugali ukiwa gramu 400, hiyo ni milo 100. Watu mia wangelishwa kila siku kwa matonge yaliyoachwa. Haba na haba hujaza kibaba, na vilevile hukimwaga.

8. MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Je, chombo cha kutupa si kisafi kuliko sahani iliyoliwa na mtu mwingine?
Jawabu: Usafi huletwa na maji ya moto, sabuni na kukausha juani juu ya kichanja, si upya wa chombo. Sahani iliyooshwa vema na kukaushwa ni safi. Kibakuli kipya kilichokaa sakafuni dukani, kikapanguswa vumbi kwa kitambaa cha jana, si kisafi. Lakini mahali pasipo na maji ya kutosha hoja hiyo ina haki. Kwa hiyo aanzishaye sahani za kuosha sharti kwanza atengeneze maji na mahali pa kuoshea.

Suali: Mama lishe ni maskini. Je, si dhulma kumwondolea mfuko na kumwachia gharama?
Jawabu: Ni dhulma, ikiwa ataachiwa peke yake. Mama lishe hakubuni mfuko wala hana kiwanda, na faida yake kwa sahani moja ni ndogo. Aliye na nguvu ni mnunuzi na ni chuo. Mnunuzi akija na bakuli lake, mama ameokoa bei ya kifungio. Na ni uungwana kumwongezea kijiko kimoja cha mchuzi, naye hushukuru. Chuo kikiwapa wenye vibanda bomba la maji na kichanja, kimewapa zaidi kuliko amri elfu.

Suali: Na chupa ya maji? Maji ya bomba hayaaminiki mahali pote.
Jawabu: Hiyo ni kweli, wala mtu asilaumiwe kwa kununua maji salama. Dawa si kuikataza chupa kwanza, bali ni kuleta maji yaliyochemshwa au kuchujwa katika mapipa safi yenye mabomba, karibu na madarasa na mabweni. Mwanafunzi akiwa na chupa yake imara ataijaza hapo. Chupa tupu zilizopo zikusanywe mahali pamoja, kwa kuwa wako wanunuzi wazinunuao kwa kilo.

Suali: Mto ni mkubwa na ng'ombe ni wengi. Mfuko wangu mmoja wadhuru nini?
Jawabu: Tumbo la ng'ombe halikujazwa na mfuko wa mia, lilianza na mmoja, na wa kwanza ndio uliowashika wengine.

9. YAPASAYO KUFANYWA

Kwa mwanafunzi: awe na sahani au bakuli lenye kifuniko, kijiko, na chupa ya maji, vyote vya kudumu, apakue kile atakachokimaliza, na akitaka zaidi arudi tena. Mrija aukatae asipokuwa mgonjwa.

Kwa mwenye kibanda: aweke mapipa mawili, moja la makombo na moja la takataka kavu, wala asiyachanganye. Ubwabwa aufunike kwa sahani au jani la mgomba. Vya kubeba avifunge kwa karatasi safi isiyo na wino, au kwa jani. Ukwaju na pilipili aviweke katika bakuli mezani, si katika vifuko.

Kwa mkuu wa chuo au shule: atengeneze maji ya kunywa na mahali pa kuoshea kabla ya kutoa katazo, aandike katika mkataba wa mpishi kuwa chakula kitolewe katika vyombo vya kuosha, apime makombo kwa mizani jioni ya kila siku kwa juma moja, na matokeo yabandikwe ukutani. Watu huona haya kwa hesabu kuliko kwa hotuba. Na makombo yapewe mfugaji wa jirani, yakiwa safi.

Kwa wenye kambi na hoteli zilizo karibu na Serengeti: hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1951, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na eneo lake ni kilomita za mraba 14,763. Mgeni hapewi chakula cha safari katika kisanduku cha kutupa ilhali chaweza kutiwa katika chombo kitakachorudi jioni. Taka iliyoingia mbugani itoke mbugani, kwa kuwa nyani na korongo hawachagui.

Kwa wasimamizi wa karamu, maziara na futari: masinia yatafutwe kwa kuazimana baina ya mitaa, na kila mtaa uwe na mtu mmoja mwaminifu wa kuyaweka. Maji yatiwe katika mitungi na mapipa, na vikombe vioshwe. Vijana wapewe zamu ya kuosha, kwa kuwa mikono iliyokula haikosi nguvu ya kuosha.

Kwa mfugaji: asichunge karibu na jaa, na asubuhi kabla ya kufungua zizi mtoto mmoja apite njiani akaokote. Ng'ombe aliyevimba na kukonda kwa pamoja, bila ya homa, aonyeshwe mganga wa mifugo upesi, wala asipewe dawa kwa kubahatisha.

KHATIMA

Mambo yote yaliyotajwa hayataki chuma wala fedha za kigeni. Yataka bakuli, maji, kapu na haya kidogo. Sheria imekwisha fanya sehemu yake ya kwanza, na itafanya nyingine kwa wakati wake. Lakini hakuna askari awezaye kusimama juu ya kila sahani. Mwenye kuosha bakuli lake leo amelinda ng'ombe asiyemjua, na maji ya mtu aliye chini ya mto asiyemwona. Wema wa namna hiyo hausifiwi, kwa kuwa haujulikani na watu. Na huenda hiyo ndiyo sababu ya uzuri wake.

MASUALI YA KUJIZOEZA

1. Chombo cha mara moja ni kitu gani, nacho kinakhitilafiana vipi na kibuyu au sinia?
2. Kwa nini ng'ombe humeza mfuko, na ni alama zipi zimdhihirishazo aliyemeza?
3. Sheria ya tarehe 1 Juni 2019 ilikataza nini, na ni vitu gani haikuvikataza?
4. Fanya hesabu ya sehemu ya saba kwa shule au chuo kilicho karibu, kwa idadi yake ya kweli na bei za soko la leo.
5. Katika karamu ya mwisho iliyofanywa mtaani, nini kilioshwa na nini kilitupwa? Kingeweza kubadilishwa kipi kwanza?